Nyota Ambayo Wewe Peke Yako Hukuiona

Endebess, jioni kabla hujaondoka

Nasimiyu, mama,

Samahani kwa wino mwekundu. Nimepekua nyumba nzima na kalamu zilizobaki ni hizi za kusahihishia. Tayari nimechana karatasi mbili, nimetoka nje kuangalia lango ambalo nilikuwa nimelifunga mwenyewe, na nimewasha jiko nikasahau kuweka sufuria. Mama yako ameniuliza nina nini leo, nikamwambia ni tumbo. Si tumbo.

Mambo ya blanketi, sabuni na nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako amekwambia mara saba, na ya nane ameiweka kwa ajili ya asubuhi. Mimi siyarudii. Nina jambo moja, na nisipolisema hapa mwanzoni najijua, nitazunguka mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo lisome kwanza, halafu ukitaka uitupe barua. Hukukosa nafasi ya kusomea sayansi ya anga. Alama zako zilitosha, tena zikabaki. Aliyeiondoa kozi hiyo kwenye chaguo lako la kwanza na kuweka ualimu ni mimi.

Haya, nimeliandika. Sasa nimesimama tena, nimeenda hadi dirishani nikarudi.

Nitakueleza nilivyofanya. Lakini nikianzia hapo utadhani ni kosa la siku moja, baba alipitiwa, basi. Halikuwa la siku moja. Lilianza ukiwa darasa la sita, nami nikiwa mwalimu wako wa sayansi, na wewe unajua ni siku gani hata kabla sijaitaja.

Niliwapa kazi ya nyumbani. Nilisema, kila mtu leo jioni atoke nje, aitafute Nyota ya Kaskazini, kesho aje aseme ameiona wapi. Kitabu kilieleza vizuri sana. Nyota hiyo haihami, mabaharia waliitumia, ukiijua huwezi kupotea. Nilikuwa nimeifundisha hivyo hivyo miaka sita nikiwa upande wa Kachibora, na miaka mingine hapa Endebess, na kila mwaka darasa zima liliiona. Hakuna mwaka hata mmoja mtoto alikosa kuiona. Nilijiona mwalimu hodari.

Kesho yake mikono ikapanda. "Mwalimu, mimi niliiona, ilikuwa kubwa hivi, juu ya mashine ya posho!" Mwingine: "Mwalimu, kwetu ilikuwa inawaka kama stima!" Mmoja aliiona juu ya barabara ya kwenda Kitale, ambako ni mashariki, nikampa alama zake zote. Kisha nikafika kwako.

"Mwalimu, mimi sijaiona."

Darasa likacheka. "Ati hajaiona! Si ni ile kubwa bana!"

Nikakuuliza kama ulifanya kazi au ulilala. Ukasema ulitoka mara tatu. Ukasema ulipanda juu ya tangi la maji. Ukasema, "Upande huo kuna nyota ndogo ndogo, halafu kuna kilima, halafu basi." Nikasema, kumbe hata kaskazini hukujui. Ukanyoosha kidole, Nasimiyu, na kidole chako kilikuwa sawasawa kuliko vidole vyote vya darasa lile, na changu kikiwemo. Nikakuandikia sifuri. Tena sikuishia hapo. Nilikwambia uandike mara hamsini kwamba utafanya kazi ya nyumbani, ili watu wasije wakasema Mwalimu anapendelea mtoto wake.

Uliandika zote hamsini kwa mwandiko mzuri. Hukulia. Ila mwezi mzima uliniita Mwalimu, hata nyumbani. "Mwalimu, chai iko tayari." "Mwalimu, Mama anakuita." Mama yako alidhani ni utani. Mimi nilijua si utani, nikaendelea kunywa chai yangu.

Niache sasa niandike somo ambalo nilipaswa kukufundisha siku ile. Unalijua kuliko mimi, lakini lazima nami nilitoe kifuani. Nyota ya Kaskazini imekaa juu ya ncha ya dunia. Mtu aliye kule inamkaa utosini. Kadiri mtu anavyoshuka kuja ikweta, nayo inashuka, kama taa iliyo juu ya mnara wa kanisa. Ukiwa chini ya mnara unainua shingo, ukienda mbali taa inashuka mpaka mahindi yanaifunika. Sisi tuko kiasi cha digrii moja tu juu ya ikweta. Kwetu nyota hiyo imelala karibu sawa na ardhi, nyuma ya vilima na vumbi, na hata ingekuwa wazi si kubwa wala haiwaki sana. Sidhani kuna mtoto wa hapa aliyewahi kuiona akiwa nyumbani kwao. Wale wenzako wote waliona nyota nyingine, au hawakutoka nje kabisa. Walisema waliyodhani nataka kusikia, nami nikawapa alama za kusema hivyo.

Nilijuaje? Si kwa kusoma. Ni mama yangu, kukhu wako wa Bungoma, ambaye ulipewa jina lake na ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mama. Ilikuwa Desemba ya mwaka ule ule. Tulikuwa uani kwake, jua limezama sasa hivi, wewe na yeye mnachambua maharagwe, mimi nimeshika mitihani ya kusahihisha. Kukhu akatazama upande wa magharibi akasema, "Angaria, Mwarimu. Mwezi umerara. Huo hauwezi kumwaga maji, umeyashika kama bakuri. Ngoja Machi, utainama."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, mwezi haulali. Mwezi mchanga unasimama wima kama sikio. Iko kwenye kitabu."

"Inua kichwa kwanza," akasema, "ndio uongee."

Nikainua. Mwezi ulikuwa umelala chali, pembe mbili juu, kama bakuli mezani. Nasimiyu, nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini. Nilikuwa nimeuchora mwezi huo ubaoni kila mwaka, umesimama kama sikio, na nilikuwa nimetembea chini yake maisha yangu yote. Wewe ulinitazama, ukautazama mwezi, ukarudi kwenye maharagwe yako. Afadhali ungecheka.

Tuliporudi nyumbani nilitoka nje peke yangu na dira ya kwenye simu, nikaitafuta Nyota ya Kaskazini siku nne mfululizo. Nikakuta nyota ndogo ndogo, halafu kilima, halafu basi. Nikamuuliza rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wekesa, uko ikweta bana! Hiyo utaiona ukilala juu ya udongo, na mlima uhame." Ndiye aliyenieleza na habari ya mwezi. Waliochora kitabu wanaishi mbali kaskazini, ambako jua na mwezi huzama kwa mshazari, kwa hiyo mwezi mchanga huonekana umesimama. Kwetu vinashuka karibu wima. Jua likiwa chini yake, mwezi unaangazwa kutoka chini, basi unalala. Na kweli Machi unainama kidogo, kama alivyosema kukhu. Juni unalala tena na mvua inanyesha tu, hapo kukhu hana jibu, lakini kwa habari ya Machi alinishinda.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya kujua. Hakuna nilichofanya. Sikurudi darasani kusema nilikosea. Sikuja kwako. Mwaka uliofuata nilipofika ukurasa ule nilisema, "Huu mtausoma wenyewe," nikafungua mwingine. Kukosea ni kazi ya kila siku ya mwalimu, siombi radhi kwa kutojua. Naomba radhi kwa kujua, na kukuacha na sifuri yako miaka yote hii.

Nimetoka tena. Mbwa ananishangaa. Sijui hata nilienda kutafuta nini.

Wewe hukuacha kuangalia juu, hilo ndilo lililonitisha. Ulipokuwa kidato cha pili, tulipovuna, ulichukua kona moja ya turubai la mahindi ukatukataza kuikanyaga. Uliweka punje za mahindi mahali pa nyota, na haragwe moja jekundu mahali pa sayari ya Mshtarii, na kila baada ya siku chache ulilisogeza haragwe kufuata ulichokiona. Likizo ikaisha, ukahamishia kwenye daftari. Uliporudi ulinionyesha, haragwe lilikuwa limeenda, likasimama, likarudi nyuma. Nikasema lazima ulikosea kupima. Ukacheka, ukaniita Baba, "Halirudi nyuma, Baba. Ni sisi tunalipita. Si unajua boda boda ikipita lori, lori linakaa kama linarudi nyuma? Nyota ziko mbali sana, hazionekani zikihama. Sayari ziko karibu, zinazunguka jua kama sisi, kila moja na mwendo wake."

Nilishika lile daftari muda mrefu. Nilijivunia mpaka macho yakaniuma. Na hapo hapo niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Basi tufike Kitale. Unakumbuka tulienda wote saibani, pale penye kompyuta za kukodi, kujaza kozi. Uliweka sayansi ya anga ya kwanza, ukaweka ualimu wa sayansi wa pili kwa sababu nilikuomba. Neno lako la siri nilikuwa nalo, uliniandikia mwenyewe nyuma ya kitabu changu cha mahudhurio ukisema usije ukalisahau. Ulipofunguliwa muda wa kubadilisha, nilimwambia mama yako naenda kununua dawa ya ng'ombe. Nikarudi pale pale. Yule msichana wa saiba alinitambua.

"Mwalimu, si ulikuja na msichana wako juzi akaweka hii ingine? Ako sawa na hii?"

Nikasema, "Ndiye amenituma."

Alibonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kumwaga chai. Nilinunua dawa ya ng'ombe kweli, ili safari isiwe ya uongo wote.

Majibu yalipokuja ulikaa kwenye ngazi ya jikoni na simu mkononi. Uliniuliza, "Baba, kwani alama zangu hazikutosha?" Nikakwambia Mungu ndiye anajua anakokupeleka. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Si kubonyeza, ni hilo. Kitendo nilikifanya mimi, nikamtwika Mungu. Jumapili pasta akakuombea mbele ya kanisa, mama yako akacheza mpaka kitambaa kikaanguka, na mimi nikaimba sauti ya pili bila kukosea hata mahali pamoja. Wewe ulitabasamu kwa adabu. Tangu siku hiyo hujapanda juu ya tangi. Nimehesabu jioni hizo, ingawa nilijifanya sioni.

Unataka kujua kwa nini. Mwanzo nilijiambia ni kwa sababu ya kazi. Nani ataajiri mtu wa nyota huku kwetu, atarudi nyumbani na shahada akae na sisi akikamua ng'ombe. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, siikatai, kila mzazi wa hapa anayo. Lakini mtu hadanganyi mtoto wake na Mungu wake kwa hofu ya kazi peke yake. Nimekaa na jambo hili wiki nyingi na chini yake kuna lingine. Nilitaka uwe mwalimu ili nawe usimame mbele ya watoto arobaini, ukosee, ucheke kwa aibu, unikumbuke, unionee huruma. Nilitaka uje ufanane na mimi kabla hujanizidi. Ni jambo dogo, baya, na ni langu.

Usidhani nasema ualimu ni adhabu. Nimeupenda na bado naupenda, na kama ungeuchagua wewe ningechinja kuku wawili. Hukuuchagua wewe.

Ningeacha hapa, lakini nimezoea kupewa kipindi kizima, niruhusu dakika chache. Sikuambii uamini macho yako kila mara. Macho yangetuambia jua linatuzunguka, na yangetuambia nyota zote zimebandikwa umbali mmoja kama picha ukutani. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba mwanga wa nyingine uliondoka huko kabla kukhu hajazaliwa, kwamba tunaona zilivyokuwa, si zilivyo. Kwa hiyo macho peke yake hapana. Lakini lile neno lako la darasa la sita, "sijaiona," sijawahi kusikia neno la kisayansi zaidi ya hilo katika darasa langu lolote. Wengi watakuja kukucheka nalo, wenye shahada ndefu kuliko cheti changu. Wengine watakuwa na haki, utakuwa umeangalia vibaya, itabidi uangalie tena. Ila usiseme umeona kitu ili darasa litulie. Mimi nimefanya hivyo, na unaona nilivyo, mtu mzima anayezunguka jikoni kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Na ukifika huko na mtu akakwambia watu wa ikweta wamechelewa katika mambo haya, mjibu kwa upole kwamba sisi tukikaa mwaka mzima tunaona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Wao walio mbali kaskazini, sehemu kubwa ya zile za kusini hawaioni kamwe. Hilo nalo nimelijua kwako, kutoka daftari lile. Sijakwambia kwamba nililisoma lote. Nililisoma lote.

Sasa la muhimu. Nimepiga simu chuoni mara mbili bila kutaja jina. Wamesema mwanafunzi mpya anaweza kuomba kuhamia kozi nyingine ndani ya wiki mbili za kwanza, ikiwa alama zake zinafikia na nafasi ipo. Alama zako zinafikia. Nafasi siwezi kukuahidi. Lakini nilijua kitu kimoja, kwamba wewe usingeomba kamwe. Ungekaa kwenye ualimu miaka minne ukiamini hukufaa, ungeipita ofisi ya kuhamisha kozi kila siku, ungeinamisha kichwa. Wiki mbili zingepita na mimi ningekuwa nimeshinda. Ndiyo maana siwezi kukaa kitini leo.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa mbali, usinipate kwa sauti. Nimeghairi. Gari linaondoka Kitale saa mbili. Saa kumi na moja nitakuamsha mimi, nitaiweka mkononi mwako, nami nitakaa hapo hapo mbele yako mpaka uimalize. Unaweza kunifokea. Unaweza kunyamaza, najua kunyamaza kwako ni kukali zaidi. Mama yako hajui chochote. Nitamwambia wewe ukiwepo, ili asije akasikia habari ambayo nimeipaka sukari.

Nyuma ya barua hii kuna karatasi nyingine, fupi. Ina jina langu kamili, namba yangu ya kazi na sahihi yangu. Inasema kwamba mimi, mzazi na mwalimu, niliingia kwa neno la siri la binti yangu na kubadilisha chaguo lake bila yeye kujua, na kwamba ualimu hakuuchagua yeye. Wakikuuliza chuoni kwa nini unakataa kozi uliyoiomba mwenyewe, hilo ndilo jibu. Huenda karatasi hiyo ikafika kwa wakubwa wangu, na wakiniita nitaenda. Nimeiandika nikijua.

Nakujua, mama. Utaikunja uiweke ndani ya Biblia. Utaanza kutafuta njia ya kuhama bila kunitaja, utasema ni makosa ya mtandao, utasema ulibonyeza vibaya. Utajitwika wewe ili nibaki Mwalimu mwema wa Endebess, na wataandika kwenye faili lako kwamba huna msimamo.

Usinionee huruma. Siku ya kwanza, kabla hujatafuta hata kitanda, itoe uwape.

Baba yako